Kahawa ya Afande Kulasekaran

Kila Alhamisi, baada ya paredi ya jioni, kantini ya kambi yetu hujaa kuliko hekalu siku ya sikukuu. Hatuendi kula. Tunaenda kumtukana Kulasekaran.

Kulasekaran alikuwa mrakibu wa polisi katika wilaya hii hii. Alipostaafu, badala ya kulea wajukuu kama watu, akapaka masharubu rangi nyeusi, akapewa kiti kwenye runinga na kipindi chake mwenyewe, Rungu la Ukweli. Kazi yake humo ni moja tu, kutuchamba sisi. Mara polisi wanene. Mara polisi wazembe. Mara polisi wa kike hawawezi kuruka hata mtaro. Na watu wanavyompenda! Mwenye duka la nguo anampenda, mwalimu wa wanangu anampenda, mama mkwe wangu ndiyo usiseme. Siku hizi kabla hajanipakulia wali anatazama kwanza kiuno changu, kisha anarudisha kijiko kimoja sufuriani. Mimi, Esakkiammal, sajenti wa polisi, mama wa watoto watatu, napimiwa wali kwa sababu ya Kulasekaran!

Alhamisi ninayoisema alianza na picha za simu zilizopigwa kituo cha mabasi. Kijana amemnyakua mama mkufu shingoni, anachomoka mbio. Nyuma yake askari mzee, mnene, anakimbia huku anachechemea. Anafika kwenye kibanda cha juisi, anashika goti, anainama, basi. Mkufu umekwenda.

"Tazameni ndugu watazamaji," Kulasekaran akasema huku anacheka. "Huyu ndiye mlinzi wenu. Huyu hata kobe angempita na salamu akamwachia. Enzi zangu, askari wangu walikuwa chuma. Huyu sijui kalelewa na nani!"

Kantini yote ikageuka kumtazama Sudalaimuthu, kwa maana yule mzee kwenye picha alikuwa yeye. Alikuwa ameketi pale pale pembeni, anasuuza bilauri yake ya chuma. Hakuinua uso.

"Mshenzi," nikasema.

"Lakini dada Esakki, kwani kasema uongo?" Huyo alikuwa Jebaraj, konstebo kijana, mikono yake imejaa mpaka mashati yanalia. Kila asubuhi ananyanyua vyuma, na simu yake imejaa vipande vya Kulasekaran. "Mwizi si alikimbia? Mama wa watu si kaibiwa? Tukiambiwa tupunguze matumbo tunanuna."

"Tumbo langu liache," akadakia Thangapandi, koplo wetu mcheshi, akilipapasa. "Hili ni mali ya serikali. Nimelipatia kazini. Sikukuu ya hekalu, watu wanapokokota gari la mungu, nasimama barabarani siku mbili, chakula ni parota, chapati zinazoogelea mafuta, usingizi ni wa wima. Mwambie afande wako aje asimame na mimi tuone kama hatarudi na tumbo."

"Udhuru tu huo, kaka."

"Udhuru? Wewe una miaka mingapi kazini? Ukimwona nyani mzee, ujue amekwepa mishale mingi!"

"Na huyu mnene zaidi, mishale ilimkosa vipi wakati ni shabaha kubwa hivyo?"

Watu wakacheka, hata Thangapandi mwenyewe. Mimi sikucheka. Nitasema haki: Jebaraj hakukosea yote. Yule mama wa mkufu nilimwandikia maelezo mimi mwenyewe, na alilia sana, shingo yake imevimba pale mkufu ulipokatikia. Polisi asiyeweza kukimbia ni tatizo, sikatai. Lakini kuna kusema ukweli na kuna kumvua mtu nguo sokoni. Sudalaimuthu alikuwa amevuliwa nguo, na aliyemvua alikuwa anacheka.

Wiki haikuisha. Kamanda wa wilaya, ambaye naye anatazama runinga kama wengine, akatoa amri: askari wote watapimwa mbio. Atakayeshindwa atastaafishwa kwa lazima. Anayeitwa asipokuwepo, ameshindwa. Hakuna msamaha isipokuwa kwa aliyeumia kazini.

"Kaka, wewe umepona," nikamwambia Sudalaimuthu. Nilimkuta nyuma ya kantini anamenya vitunguu kumsaidia mpishi, maana mikono yake haijui kukaa bure. "Lile goti uliumia ukiwa kazini. Andika hivyo."

"Sikuumia kazini, mdogo wangu. Nilianguka bafuni kwangu."

"Bafuni kwako? Kila mtu anajua ulianguka toka juu ya paa!"

"Niliambiwa niseme bafuni."

Nikavuta ndoo nikakaa. Na pale, kati ya maganda ya vitunguu, ndipo nikaambiwa. Sudalaimuthu aliingia polisi akiwa kijana mwembamba, mkimbiaji, aliyeshinda kombe la mkoa. Hata mwaka hajamaliza, akachukuliwa na mkubwa mmoja akawe askari wa nyumbani. Nyie msiojua mambo yetu, askari wa nyumbani ni hivi: serikali inamlipa mshahara wa polisi, yeye anafua chupi za mke wa mkubwa. Kwenye karatasi kazi hiyo ilishafutwa zamani. Kwenye nyumba za wakubwa, thubutu! Wapo mpaka leo. Sudalaimuthu akapika, akaogesha mbwa, akabeba watoto mgongoni kwenda shule. Paredi hakwenda, mazoezi hakwenda, mafunzo ya bunduki hakwenda. Aliyaonja mapishi ya mkubwa mpaka naye akanenepa. Ujana wake wote ukaishia jikoni. Siku moja mke wa mkubwa akasema tangi la maji la juu ya paa linanuka. Sudalaimuthu akapanda kulisafisha, ngazi ikateleza. Mkubwa akamtembelea hospitali na machungwa, akamwambia kwa upole, "Sudalai, ukisema ulikuwa kwenye paa langu wataniuliza polisi alikuwa anafanya nini huko. Sema bafuni kwako." Akasema bafuni kwake.

"Mkubwa gani huyo?" nikauliza, ingawa nilishahisi.

"Kulasekaran."

Enhe! Damu ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Nikapiga kitunguu teke kikaenda kugonga mlango.

"Na juzi kakuonyesha kwenye runinga anauliza umelelewa na nani! Kalelewa na nani, wakati kakulea yeye! Kwani hakukujua?"

"Nimezeeka, Esakki. Nywele zimekwisha. Angenijua angenisetiri."

"Angekusetiri! Nyani haoni kundule, huyo ndiye akusetiri? Mpigie simu aseme ukweli mbele ya kamanda. Neno moja tu, umepona."

"Nimempigia. Namba yake inapokelewa na kijana, anasema afande hana nafasi." Akaokota kile kitunguu, akakifuta, akaendelea kumenya. "Wacha. Nitakimbia."

"Kwa goti hilo?"

"Wazee wanapewa mizunguko mitatu tu. Hata kwa kutembea haraka inawezekana. Nimebakiza miaka miwili, Esakki. Nataka kutoka kwa lango kubwa."

Hilo nalijua, na kila polisi wa kwetu analijua. Askari akistaafu salama hutolewa kwa lango kubwa. Anavishwa shada la maua, anapandishwa gari la wazi, injini imezimwa, na wenzake wanalikokota kwa kamba, bendi ikiwa mbele, mpaka barabarani. Inspekta anampigia saluti, hata kama yeye ni konstebo. Anayestaafishwa kwa lazima anapita mlango wa ofisi. Anakabidhi mkanda na kofia, anatia sahihi, anakwenda kupanda basi. Sudalaimuthu alikuwa amempigia saluti kila mtu, mpaka watoto wa mkubwa walipokuwa wanacheza. Alitaka na yeye apigiwe, mara moja tu, siku ya mwisho.

Basi tukaanza mazoezi. Kila alfajiri, mimi na yeye, tunazunguka uwanja wa kambi. Mimi mwenyewe nilihitaji, tusidanganyane. Siku za kwanza alikuwa anafika nusu ya mzunguko anashika goti. Mke wake akamkanda kwa mafuta ya ufuta. Akaacha wali wa usiku, akaacha sukari. Thangapandi akajiunga, analalamika tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Halafu asubuhi moja nikamwona Jebaraj kasimama kando na saa mkononi. "Kaka Sudalai, usikanyage na kisigino. Legeza mabega. Goti baya lipe hatua fupi," akawa anamwelekeza, na tangu hapo hakukosa kuja. Kijana ana mdomo lakini moyo anao. Ilipofika wiki ya mtihani, Sudalaimuthu alikuwa anamaliza mizunguko yake mitatu na muda unabaki. Niliona kwa macho yangu. Alimaliza, akacheka peke yake, jasho linamtiririka, akasema, "Kumbe miguu haijasahau." Shikeni hilo, kwa sababu ndilo linalonichoma mpaka leo. Angeshinda.

Siku ya mtihani tukafika uwanjani mapema, na nani kaalikwa mgeni wa heshima? Mnajua nani. Jebaraj akapangwa, akishakimbia, asimame langoni na shada la kumvisha. Msimamizi alikuwa Inspekta Ponraj, mtu wa kufuata filimbi na majina kwenye karatasi, si mbaya, ila mwoga wa wakubwa kama mtoto anavyoogopa sindano. Wanawake tulikimbizwa kwanza. Nilipita, namshukuru Mungu na mama mkwe wangu. Wakafuata vijana, wakafuata wa umri wa kati, na Thangapandi akapita kwa kudura, akalala chali kwenye nyasi anaomba azikwe hapo hapo. Wazee walikuwa wa mwisho.

Kulasekaran akatokea na mpiga picha wake wakati wa umri wa kati wako uwanjani. Shati jeupe, viatu vinang'aa, masharubu kama yamechorwa. Akapita kwenye mstari wa wazee wanaosubiri, anazungumza na kamera. Akafika kwa Sudalaimuthu, akamgonga tumbo kwa kifimbo.

"Hili, watazamaji, mmelilipia nyinyi kwa kodi zenu!"

Sudalaimuthu alisimama wima, macho mbele, kama sheria inavyotaka. Nilikuwa hatua chache tu, nafunga kamba za viatu, na nilizikaza mpaka kidole kikauma. Kamera ikasogea kwa mwingine. Kulasekaran naye akaanza kusogea, kisha akasimama. Akarudi, akamkodolea macho.

"Wewe! Si Sudalai wewe?"

"Ndiye mimi, afande."

"Ee Mungu! Sudalai!" Sauti ikabadilika kabisa, ikawa ya nyumbani. Akamshika bega. "Mke wangu bado anakutaja. Unajua tangu uondoke sijanywa kahawa? Nakunywa maji machafu tu. Ile kahawa yako, ile ya povu! Hapo kantini si kuna maziwa?"

"Yapo, afande."

"Basi nionjeshe, kabla jua halijanikausha."

"Ndiyo, afande."

Na miguu ikageuka. Nawaambia, miguu ndiyo iliyogeuka, mtu mwenyewe alikuwa hajafikiri. Miaka yote ile jikoni, sauti ile ikisema kahawa, mwili ulikuwa unainuka hata katikati ya usingizi. Maneno yao yalimezwa na kelele za uwanja, nilisimuliwa baadaye; mimi nilimwona mgongo tu, anakwenda upande wa kantini. Nikadhani anakwenda haja. Laiti ningemwita! Lakini nilidhani anakwenda haja, na wa umri wa kati walikuwa hawajamaliza, na yeye pia, aliniambia baadaye, alidhani muda upo. Hakujua kwamba mpishi alikuwa bado hajawasha jiko. Wala hakuweza kuleta kahawa ya maziwa yasiyochemka vizuri. Hajui kuipika vibaya.

Filimbi ikalia. Inspekta Ponraj akaanza kuita wazee. Akaita, "Sudalaimuthu!" Akaita tena. Nikaruka kama nimeumwa na nge. "Yupo, afande! Yupo, alikuwa hapa sasa hivi!" Nikakimbia kuelekea kantini, na nyuma yangu nikasikia jina lake mara ya tatu, halafu filimbi ya kuondoka.

Nilikutana naye njiani. Anakuja, bilauri ya chuma juu ya kisahani, povu limesimama, hata tone halijamwagika. Aliwaona wenzake wanazunguka uwanja. Alisimama. Uso wake sitausahau.

"Kaka, kimbia, ingia!" nikamwambia. Akaingia, na kahawa yake mkononi, lakini Ponraj akainua mkono kumzuia.

"Uliitwa mara tatu. Hukuwepo. Nimeshaandika."

"Afande, alitumwa!" nikasema. "Katumwa na mgeni wako!"

Ponraj akamgeukia Kulasekaran, na kweli ya Mungu, macho yake yalikuwa yanaomba. Alitaka kusaidia. "Afande, wewe ndiye uliyemtuma? Ukisema ulimtuma, naweza kumpa nafasi na kundi jingine. Neno lako linatosha."

Mpiga picha alikuwa amesogea. Kulasekaran akaitazama kamera, akaitazama ile bilauri, akalamba midomo.

"Kumtuma? Mimi raia sasa, nitamtumaje polisi aliye kazini? Nilisema tu natamani kahawa. Angeweza kukataa."

Angeweza kukataa! Mmesikia? Mtu uliyemchukua na kombe lake la mbio, ukampa sufuria. Mtu uliyemfundisha kwamba jibu ni moja tu, ndiyo afande. Ukamvunja goti, ukamwambia aseme bafuni kwake, akasema. Leo ndiyo angeweza kukataa! Nilifoka. Sikumbuki yote niliyosema, ila niliyataja yote, paa, tangi, mbwa, chupi za mkewe, na uwanja mzima ulisikia. Ponraj alikuwa ananiita kwa cheo changu ninyamaze, mimi ng'o. Aliyeninyamazisha ni Sudalaimuthu. Alinigusa mkono kwa vidole viwili.

"Basi, Esakki. Inapoa."

Kulasekaran, haya hana, akanyoosha mkono kuipokea.

Sudalaimuthu akautazama ule mkono. Halafu akainua bilauri kwenye midomo yake mwenyewe, akanywa. Hakunywa kwa haraka. Alikunywa yote, povu na sukari aliyoacha wiki zote zile, mkono wa mkubwa wake wa zamani ukiwa bado umenyooshwa hewani. Akajifuta mdomo.

"Umesema kweli, afande," akamwambia. "Ningeweza kukataa."

Akafungua mkanda wake, akavua kofia, akamkabidhi Ponraj pale pale. Akatembea kwenda langoni, anachechemea kuliko asubuhi. Gari la Kulasekaran lilitoka nyuma yake likipiga honi. Hakupisha. Jebaraj alikuwa bado yuko langoni, na kila kitu alikuwa amekiona. Mzee alipofika, kijana alibana visigino, akapiga saluti iliyonyooka, akaishikilia mpaka mzee akapita. Gari lilipofika, mkono ulikuwa umeshashuka. Bendi haikuwepo, wala maua, wala kamba. Ni saluti moja tu aliyopata, tena ya konstebo.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa kantini wote. Hakuna aliyetaka kutazama na hakuna aliyeondoka. Kulasekaran akaonyesha uwanja, matumbo, Thangapandi akiwa chali kwenye nyasi. Kahawa hakuionyesha. Mkono wake uliobaki hewani hakuuonyesha. Akainama kwenye kamera, masharubu yanameta.

"Na mmoja, ndugu watazamaji, mmoja aliitwa mara tatu hakutokea. Mlinzi wenu aliogopa mbio. Alijificha!"

Hakuna aliyetukana. Jebaraj aliinuka, akachomoa waya wa runinga ukutani, akarudi kukaa.

Mimi nimepewa onyo la maandishi, nisizungumze na watu wa habari. Sawa. Nyinyi si watu wa habari, na nawaambia nyinyi, mumwambie na mama mkwe wangu. Sudalaimuthu hakujificha. Alikuwa anasubiri maziwa yako yachemke, Kulasekaran.